Bahasha Ndani ya Mto wa Kochi

Maneno mama aliyapata kwa msusi, kichwa kimesukwa nusu, hana hata pa kukimbilia. Eti binti yake anahama nchi, na waendao huko hawarudi. Alijichekesha, lakini maneno yakamganda kama kupe.

Binti huyo mtaani wanamwita Daktari wa Mashine. Hutengeneza mashine za kuwapa joto watoto njiti, na kwa miaka mitatu alikuwa akifundisha ufundi huo chuo kikuu kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, kila mara akiambiwa nafasi ya kudumu iko njiani. Mama aliishia shule ya msingi. Kuhusu safari alijua jambo moja tu: bila vyeti, mtu haendi popote. Akavitoa kabatini, akafumua mto wa kochi, akavitia humo, akashona upya.

Jumatatu binti aliipekua nyumba nzima.

"Mama, bahasha yangu ya kaki umeiona?"

"Mimi na makaratasi wapi na wapi? Ya nini?"

"Kuna kazi naomba."

"Kazi ya wapi?"

"Nikipata nitakwambia. Humu ndani nikitaja kitu asubuhi, mchana msusi anakijua."

Mama akahesabu hilo kuwa jibu tosha. Binti, amechoka, akajitupa juu ya kochi lile lile.

Jumatano jioni alirudi, akasimulia. Ile nafasi ya kudumu ilikuwa imetangazwa, na atakayeipata atapewa karakana yake mwenyewe. Alipeleka chuoni nakala za vyeti, karani akazirudisha.

"Nikamwambia, kaka, vyeti hivi si mlinipa nyinyi wenyewe? Akasema, 'Nakujua sana, dada, hata pasi yangu ya nguo uliitengeneza wewe. Lakini tunataka halisi, na mwisho ni leo.'"

Mama akainuka, akachukua mkasi, akaukata mto.

Binti aliitazama bahasha. "Mama, wale wa hospitali ya nje wamenitafuta mara mbili. Nimewakataa mara mbili."

Kesho yake mama aliipeleka bahasha chuoni mwenyewe. Karani alimpa kiti na kumwambia ajaribu mwakani, nafasi ikitangazwa tena.

Hospitali ya nje ilipiga simu mara ya tatu. Waliuliza joto la mashine likigoma yeye huanzia wapi, wakasema picha za vyeti kwa simu zinatosha. Baada ya wiki tano binti akaondoka. Chuo kikamwandalia hafla ya kumuaga, kikamwita hazina.

Mwenye mtoto msomi, mtoto mwenyewe, na mwenye chuo pia, waepuke haya:

– Kuzipokea habari za mtoto kwa msusi kabla ya kumuuliza mwenyewe.
– Kuficha vyeti.
– Kumficha mama jambo kwa sababu ana mdomo.
– Kumweka mwalimu kwa miezi mitatu mitatu.
– Kudai cheti ambacho chuo chenyewe kilikitoa na kina kumbukumbu yake.
– Kungoja mtu aage ndipo aambiwe ana thamani.