Upande wa Mwenye Kiwanda

"Hivi huyo binti yako anasomea kututetea sisi wanyonge, au kuwatetea wao matajiri?"

Jirani aliuliza hivyo siku moja huku akianika nguo, akacheka mwenyewe. Mama hakucheka. "Mungu ndiye anayejua," alijibu, lakini swali likabaki naye.

Binti alishafeli mtihani wa uwakili mara mbili, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mwisho. Sheria alizijua kama jina lake. Kilichomwangusha ni insha. Mwalimu wake hakumumunya maneno: "Unahukumu kabla hujasikiliza. Mfanyakazi akiumia tu, kwako mwajiri ana hatia tangu mstari wa kwanza. Mtahini hataki machozi. Taja hoja, taja sheria, ilinganishe na yaliyotokea, halafu uandike upande wa pili ungesema nini." Akamwagiza amsomee insha zake kwa sauti mtu asiyejua sheria; mtu huyo asipoelewa, aandike upya.

Mtu huyo akawa mama yake, kila jioni baada ya sala.

"Haya, Mheshimiwa, leo umeniletea kesi gani?"

"Ya kiwanda cha mbao, mama."

Mkono wa mama ukasita kushona. Mumewe alifia kiwanda cha mbao. Mkanda wa mashine ulinasa shati lake, na kifuniko cha mkanda hakikuwapo. Walishtaki, wakashindwa.

"Soma."

Binti akaanza na upande wa mjane. Mama akaitikia kwa kichwa, hapo hakuwa na la kupinga. Kisha binti akafunua ukurasa.

"Hata hivyo, mwenye kiwanda atasema kifuniko kilikuwapo, na marehemu alikifungua mwenyewe ili kazi iende haraka, ilhali alishaonywa..."

Sentensi zilitoka zimenyooka kama mbao zilizopigwa randa. Mama aliwahi kuyasikia maneno hayo mahakamani, kwa wakili wa kiwanda, mwenye koti jeusi. Siku ile binti, akiwa bado na sare ya shule, alilia kwenye ngazi za mahakama na kuapa: "Mama, yule mtu nitakuja kumjibu."

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa vizuri mno. Sasa nani kashinda?"

"Mwenye kiwanda." Binti aliziweka sawa karatasi zake bila kuinua macho. "Mwalimu anasema nikiandika hivi, nafaulu."

"Utafaulu, mwanangu." Mama alijua ni kweli, na hapo ndipo palipouma. "Na yule wa mahakamani? Utamjibu nini?"

Nje, jirani alikuwa akianua nguo zake.

"Mama," alisema mwishowe, taratibu, "hakusema uongo. Wenzake baba wa kiwandani walinieleza. Baba alikifungua kifuniko mwenyewe."

Mama akachomeka sindano kwenye kitambaa, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Akajitanda mtandio wake, akaufungua mlango, akatoka.