Peni Mbili za Themanini na Nne

Mkutano mkuu wa mwaka wa Chama cha Akiolojia na Historia cha Skelbeck huchukua dakika kumi na saba, na nne kati ya hizo ni za kutafuta ufunguo wa kabati. Mwenyekiti hurudi kuwa mwenyekiti na katibu hurudi kuwa katibu, kwa sababu iliyo wazi kwamba hakuna mwingine anayetaka. Kisha watu hunywa chai na kula keki ya tangawizi ya katibu, Noreen Catlow, keki ngumu ambayo ingestahili kuandikishwa pamoja na vitu vya kale. Kwa hiyo Machi ya mwaka huu, mkutano ulipomaliza saa nzima na chai ikapoa kwenye birika, Desmond Lumley alijua mambo yameanza kumwendea kombo.

Aliyeuvuruga mkutano alikuwa Rupa Solanki, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanachama wa miaka mitatu tu. Majira ya baridi yote alikuwa akisukuma mashine yenye miguu miwili ya chuma katika shamba la Dinsdale, mvua ikimpiga, kondoo wakimshangaa. Mashine ile hupima unyevu wa udongo na kuonyesha kilichofukiwa chini. Sasa alikuwa amebandika karatasi kubwa ukutani, na kwenye karatasi kulikuwa na mistari minyoofu minne, mmoja ukiwa na mviringo katikati.

"Hili ni jengo," alisema Rupa. "Na mviringo uko upande wa mashariki. Mimi si mtu wa makanisa, lakini nadhani ninyi mnajua kwamba kanisa la kale huishia na ukuta wa mviringo upande huo."

"Ni mitaro ya kuondolea maji," alisema Desmond.

"Mtaro wenye mviringo, Des?"

"Uliochimbwa na mtu aliyetoka baa."

Watu walicheka, maana Desmond anapendwa. Ana miaka sabini, ameendesha basi la Skelbeck kwa miaka thelathini na sita, na ndiye mkuu wa uchimbaji wa chama tangu akiwa kijana mwenye nywele. Lakini kicheko kilikatika upesi, na mmoja mmoja wakatupa jicho kwenye kiti cha safu ya tatu, kile kilicho karibu na kipasha joto. Kiti hicho hakikaliwi. Ni cha Bi. Audrey Pell, na Bi. Pell hajakanyaga ukumbini tangu mwaka 1984.

Bi. Pell alikuwa mwalimu wa historia. Katika picha iliyopigwa kutoka angani wakati wa kiangazi kikali cha 1976, nyasi zilipoungua na kuacha alama, yeye aliona umbo la kanisa dogo la zamani ambalo hakuna aliyelijua. Alikipigia chama magoti miaka minane mpaka kikakubali kuchimba. Alitoa na vipimo: mita arobaini kutoka geti, ukifuata ua wa shamba. Desmond, wakati huo ana miaka ishirini na tisa, alichimba wiki mbili, akakuta udongo mtupu wa mfinyanzi. Alisimama mbele ya mkutano akasema, "Kanisa la Bi. Pell lina kuta za hewa na paa la matumaini." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Bi. Pell alichukua mkoba wake, akavaa glavu zake, kidole kimoja baada ya kingine, akaondoka.

Desmond alikuwa ameirudia kauli ile moyoni mara nyingi, na kila mwaka ilikuwa ikipungua uchekeshaji. Hata hivyo alikuwa na kinga moja: alikuwa amesema kweli. Angalau alikuwa amesema kweli.

"Kapigeni kura," alisema mwishowe. "Mwezi wa nane tuchimbe palepale. Mtakachokuta ni peni mbili zangu za themanini na nne, na chini yake mfinyanzi."

Kila mtu alimwelewa. Wachimbaji wana desturi: kabla ya kufukia shimo, huacha chini kabisa sarafu ya mwaka huo, ili atakayekuja baadaye ajue kwamba wengine wamekwishafika hapo wakaondoka. Sarafu ile ni kama saini. Desmond alikuwa ameitia yake, sarafu moja ya peni mbili, ndani ya kikopo cha filamu ya kamera, pamoja na kipande cha karatasi.

Kura zote zilikubali. Noreen akapasha chai upya.

Mtu asiyewajua watu hawa anaweza kuwaona wachovu. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Oktoba hadi Machi, wanakaa na makoti yao kusikiliza mhadhara juu ya vinu vya maji. Novemba wanatembea kwa mstari katika mashamba yaliyolimwa, macho chini, wakiokota vipande vya vyungu. Februari wanavisugua kwa miswaki ya meno katika chumba chenye baridi ya kuuma mifupa, kisha wanaandika namba juu ya kila kipande kwa herufi ndogo za kumshinda sisimizi. Juni wanakodi basi kwenda kuangalia magofu ya watu wengine. Hakuna anayewalipa na hakuna anayewatuma. Niseme wazi kwamba nawavulia kofia: wapo watu wachache duniani wanaofanya kazi kwa uangalifu namna hiyo pale ambapo hakuna anayewatazama.

Mwezi wa nane ulikuja na jua, jambo ambalo Skelbeck hulipokea kwa mashaka. Desmond ndiye aliyewafundisha wageni kupima. "Usipime kamwe kutoka kitu kimoja," aliwaambia, kama anavyowaambia kila mwaka. "Tafuta vitu viwili visivyohama. Mnara wa kanisa hauhami. Pembe ya shule haihami. Ng'ombe anahama, msinipimie kutoka kwa ng'ombe."

Waliondoa nyasi juu ya mistari ya Rupa. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Desmond alikuwa akitazama rangi ya udongo, maana udongo uliowahi kuchimbwa na kurudishwa haufanani tena na jirani yake. Unakuwa mchanganyiko, kama chakula cha jana kilichopashwa. Udongo huu haukuwa mchanganyiko. Ulikuwa umelala kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, haujaguswa na mtu kwa miaka mia nne. Aliliona hilo siku ya pili saa nane mchana, akajua hakuwahi kuchimba hapa.

Siku ya nne mwiko wa Rupa uligonga kitu. Alipiga magoti, akafagia kwa brashi, na ikatokea rangi ya kijani iliyoiva. Kigae cha sakafu, kimepakwa vizuri, na ndani yake ua dogo la manjano. Kando yake kingine. Kando yake mawe ya ukuta, na ukuta ulikuwa ukipinda.

Hakuna aliyeshangilia. Walisimama kuzunguka shimo wakiangalia vigae, na kisha, kwa adabu kubwa, kila mtu akaangalia mahali pengine ili asimwangalie Desmond.

"Hiyo sarafu labda imehamishwa na fuko," alisema Noreen. "Hapa kuna mafuko wengi sana, Des."

"Au shimo lako lilipita pembeni kidogo tu," alisema Rupa. "Nusu mita hivi. Mtu anaweza kukosa ukuta kwa nusu mita."

Walikuwa wakimfungulia mlango, na Desmond aliuona uko wazi kabisa.

Jioni ile, wenzake wakikusanya ndoo, Dinsdale mwenye shamba alikuja na trekta kuwahesabu kondoo. Desmond alimfuata mpaka getini.

"Hili geti," alisema, "limekuwa hapa siku zote?"

"Siku zote." Dinsdale alijikuna shingo. "Isipokuwa lilipokuwa pale juu, karibu na birika la mawe la kunyweshea mifugo. Baba alilishusha. Alinunua kombaini mpya ya kuvunia ikagoma kupita, akatukana wiki nzima."

"Mwaka gani?"

"Mwaka niliovunjika mguu. Themanini na tatu. Vipi, Des, mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Jua," alisema Desmond.

Alibaki ameshika geti. Asubuhi ile ya 1984 aliikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa na zamu ya basi la saa sita. Mtu alipendekeza wapime pia kutoka kwenye mnara, naye akasema hakuna haja, mita arobaini ni mita arobaini. Vipimo vya Bi. Pell vilitoka kwenye picha ya 1976, na geti la 1976 halikuwa hapa. Yeye ndiye aliyekuwa shambani, na yeye ndiye aliyepaswa kuuliza. Hakuuliza kwa sababu alikuwa na haraka, na pia, alikiri moyoni sasa, kwa sababu hakupenda kufundishwa kazi na mwalimu. Dinsdale hangelisema neno kwa mtu. Kwake lilikuwa geti tu. Fuko angebeba lawama bila kulalamika.

Kesho yake Desmond alikuja na tepu yake ya zamani ya kitambaa. Aliifunga getini, akatembea mita arobaini akifuata ua, na kufika mahali palipokuwa upande wa chini wa shamba, mita kumi na nne kutoka kwa wenzake. Akaanza kukata nyasi.

"Unafanya nini huko?" aliita Noreen.

"Natafuta fuko wako."

Alikataa kusaidiwa. Magoti yake ni mabovu, na hakuna aliyeweza kumtazama bila kuumia, lakini walimwacha. Udongo hapa ulikuwa mchanganyiko tangu koleo la kwanza. Saa tano alifika kwenye mfinyanzi, na katika pembe ya kaskazini, palepale alipokiweka kwa mkono wake, palikuwa na kikopo cheusi chenye kifuniko cha kijivu. Ndani mlikuwa na peni mbili na karatasi iliyosomeka vizuri: *D. Lumley, Agosti 1984. Hapa hapana kitu.*

Wenzake walikuwa wamekusanyika. Desmond aliwaeleza habari ya geti, yote, pamoja na zamu ya saa sita, bila kujipunguzia. Kisha akamnyooshea Noreen kile kikopo.

"Andika," alisema.

Basi Noreen akafanya alichofanya kwa kila kitu kilichotoka katika ardhi ya Skelbeck. Alichukua mfuko wa plastiki, akafungua daftari, akaandika: *Namba 212. Sarafu, peni mbili, 1984. Shimo la pili, pembe ya kaskazini. Mpataji: D. Lumley.* Kisha akavua miwani na kuifuta. Rupa akapima mahali pale kutoka kwenye mnara, na tena kutoka kwenye pembe ya shule. Hakuna aliyemwambia Desmond pole, na kwa hilo aliwashukuru kuliko angeweza kusema.

Jumapili alikwenda kwenye nyumba ya wazee na kigae kimoja, alichokitilia sahihi kwa Noreen mara mbili. Bi. Pell ana miaka tisini na miwili. Alikuwa dirishani, glavu zake mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakipitisha kidole juu ya lile ua la manjano, taratibu, mara nyingi.

"Mita ngapi?" aliuliza.

"Kumi na nne."

"Dereva wa basi," alisema, "na bado unapita kituo."

Desmond alijaribu kucheka, ikashindikana. "Bi. Pell, yale maneno niliyoyasema. Kuta za hewa."

"Maneno yalikuwa mazuri. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama." Aliangalia dirishani. "Siyo maneno, Desmond. Mimi nilikuamini. Ulichimba, hukuona kitu, nikajua basi, ni macho yangu yanayoona vitu visivyokuwepo. Nilikuwa na picha za angani mia tatu. Nikazifungia kwenye sanduku. Sijaangalia hata moja toka siku ile."

Desmond alikuwa amejiandaa kukutana na hasira, si na hili. Alikaa pale akalia, mzee mzima, na Bi. Pell akampa leso bila kumtazama, kama anavyopewa mtoto darasani.

Alhamisi ya kwanza ya Oktoba ukumbi ulijaa. Desmond alisimama mbele akasoma sahihisho litakalochapishwa katika kitabu cha mwaka. Lilikuwa na sentensi tisa, na ya mwisho ilisema kwamba kanisa la shamba la Dinsdale liligunduliwa mwaka 1976 na Bi. Audrey Pell. Kisha akauliza kama kuna maswali.

Katika safu ya tatu, karibu na kipasha joto, mkono wenye glavu uliinuka. Mkono mwingine ulikuwa umeshika picha, kingo zake zimejikunja kwa kukaa sandukuni.

"Duara hili," alisema Bi. Pell, "hapa nyuma ya kinu. Limenikosesha usingizi tangu Jumatatu. Mmewahi kulitazama?"

Ukumbi mzima ukageuka, viti vikakwaruza sakafu. Desmond alishuka, akainama juu ya picha pamoja naye, akaliangalia duara kwa muda mrefu.

"Hatujawahi," alisema. "Nipe vipimo."

"Kutoka wapi?"

"Utakapochagua wewe, mwalimu."

"Mnara wa kanisa na pembe ya shule," alisema Bi. Pell. "Na wewe, kijana, siku hiyo usiwe na zamu."