Bega la Mwanamkasi

Jumapili baada ya Alasiri Borafya aliwafundisha wenzake biliadi kwa ndimu mbili. Meza yenyewe ilikuwa klabu, mjini. Barazani kwake Kikwajuni sakafu ya saruji ilitosha. Mwaka ule wa 1956 hakukuwa na karani bandarini aliyemshinda kwa mapigo ya kukata, na hilo hakumficha mtu.

"Usiitazame hii unayoipiga," alisema, akizisukuma ndimu kwa kidole. "Tazama pale mpigaji, hii ndimu ya kupigia, atakapokuwapo zikigusana. Ukiipata kati, inabeba nguvu yote na mpigaji anasimama papo hapo. Ukiigusa ukingoni, yenyewe haidhuriki. Nguvu inapita, inakwenda kugonga kwengine."

Mkewe, Mwanamkasi, alikuwa nyuma ya pazia akipepeta mchele. Borafya alikuwa akimpiga tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Alishamvunja mkono na kuliharibu sikio lake la kushoto. Somo la biliadi Mwanamkasi alilisikiliza kwa lile la kulia.

Kesho yake chumvi ilizidi kwenye mchuzi. Borafya aliinua mkono, na Mwanamkasi akageuza bega kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Ngumi ilimgusa ukingoni mwa shavu. Pigo likapita, likatoka dirishani, likavuka uchochoro, likamkuta jirani yao Jaku anakunywa kahawa na kumng'oa meno mawili.

Jaku alitema damu, akayafunga meno kwenye leso, akaja kupiga hodi.

"Umeikata nyembamba mno, bwana."

"Si mimi," alisema Borafya. "Kageuka mwenyewe."

Juma lile Mwanamkasi hakupata hata alama, na jikoni alianza kuimba. Ng'ambo ya uchochoro Bi Khamisa alivunjika mbavu akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Beberu wa mwenye duka alipasuka kichwa mchana kweupe, akachinjwa haraka kabla roho haijatoka. Majirani waliokuwa wakiongeza sauti ya redio kila kilio kilipotoka nyumba ile, sasa walisema jambo hili halivumiliki. Kwa miaka yote ile lilikuwa limevumilika vizuri sana.

Wakampelekea habari baba yake Mwanamkasi, Mzee Simai wa Chwaka. Alifika kwa basi la asubuhi.

"Shikamoo, baba," alisema Borafya.

"Marahaba, mwanangu."

Wakakaa barazani, majirani wakajaa. Kwamba Borafya aache kupiga, hakuna aliyelitaja. Walimwomba tu apige katikati.

"Mimi napiga katikati," alisema Borafya, na machozi yalimlengalenga kwa kusingiziwa. "Yeye ndiye anayegeuka. Muulizeni."

Watu wote wakamtazama mzee.

"Mwanamkasi," aliita Simai.

"Naam, baba."

"Njoo usimame hapa. Usigeuke."

Alikuja, akasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, likinipita siumii."

"Likikupita linaumiza watu, mwanangu."

Akamshika mabega yote mawili. Alimpenda kuliko watoto wake wote, lakini alimshika barabara. Mwanamkasi alijaribu kugeuka mara moja tu. Borafya akapima, kama alivyofundisha, akapiga. Ngumi ilisimama papo hapo. Taya ikavunjika, na Mwanamkasi akaanguka miguuni pa baba yake, mdomo umejaa damu, na uchochoroni hakuna hata kikombe kilichotikisika.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Khamisa, ameshika mbavu zake.

Jaku alisifu kwamba lile lilikuwa pigo safi. Mzee Simai alimfuta bintiye damu kwa ncha ya shuka, akamwomba mkwewe radhi kwa usumbufu, kisha akauliza kama basi la Chwaka lilikuwa halijaondoka.