Msiba wa Ghorofa ya Nne

Kampuni yetu inaitwa Zizi. Ucheke tu, hata mimi nilicheka siku ya usaili, nikapata kazi. Mfugaji anasajili ng'ombe wake kwenye simu, programu inamkumbusha siku ya chanjo na siku ya josho, na dume likipotea picha yake inatumwa kwa wafugaji wote wa jirani. Sisi wa chumba cha simu tunampigia mteja kuhakikisha. Kuna ndama huko Magu ambao afya yao inafuatiliwa kuliko yangu mimi niliyezaliwa hospitalini.

Ilianzia kwenye sebule ya kupanga kule Kiseke. Alexander, mwenye kampuni, ndiye aliyeitengeneza programu. Wateja walitafutwa na dada Wilhelmina. Siku hizo Alexander tunamwita kaka Alex, anapanda pikipiki nyuma ya Wilhelmina, wanaingia Kisesa, Bujora, mpaka vijiji ambavyo barabara yenyewe inaona aibu kufika. Wakifika hawatoi simu mfukoni. Wanakaa, wanasalimia mpaka kigoda kinapata moto, wanakula ugali wa watu, ndipo ng'ombe anatajwa. Nyumba ambayo kaka Alex alilala mara nyingi kuliko kwao ni ya Mzee Ngosha wa Bujora, mteja wetu wa kwanza kabisa. Yeye mwenyewe Alex alikuwa anasema, "Bila Wilhelmina na Mzee Ngosha, Zizi ni jina tu." Nilimsikia kwa masikio haya mawili.

Kisha tukakua. Umewahi kuona kijana anayerefuka haraka mpaka suruali inamsema? Ndiyo sisi. Wawekezaji wakaja, tukahamia mjini, ghorofa ya nne, ukisimama dirishani ziwa lote na mawe yake ni mali yako. Kila wiki sura mpya. Mashine ya kahawa inayolia kama fisi aliyebanwa mkia. Tukapewa fulana zilizoandikwa mgongoni FAMILIA MOJA. Nikauliza, familia gani hii ambayo ndugu wanavaa vitambulisho shingoni ili wajuane majina? Wenzangu wakacheka. Meneja hakucheka.

Meneja wetu ni dada Precious, katoka Dar kuja kutupangia huduma kwa wateja. Si mtu mbaya; siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote analeta keki. Ila alikuja na taa. Ukipiga simu, pembeni ya skrini yako kunawaka kijani, ukiendelea inakuwa njano, ukizidi inakuwa nyekundu, na jina lako linatokea kwenye luninga kubwa ukutani watu wote walione, kama mwizi wa kuku.

"Tatizo lenu ni salamu," alituambia kwenye kikao. "Nimesikiliza simu zenu. Mtu anauliza mvua, anauliza watoto, anauliza mguu wa bibi, ng'ombe hajatajwa na muda umekwisha. Kuanzia sasa: jina la mteja, jina la kampuni, sababu ya simu, ndiyo au hapana, asante. Basi."

"Dada Precious," nikasema, "na mteja akitusalimia yeye?"

"Unarudi kwenye sababu ya simu."

Nikamtazama kaka Alex, ambaye sasa tunamwita bosi, nikidhani atasema neno. Alikuwa anatazama simu yake.

Sasa kwa wewe ambaye hukulelewa na Wasukuma, nikueleze. Kwetu salamu hairukwi. Mwangaluka, mhola, nyumbani, watoto, mifugo, majirani, unapita mlango mmoja baada ya mwingine. Ni mtu mmoja tu anayeruhusiwa kuruka yote hayo akaingia moja kwa moja kwenye neno lake: aliyebeba habari ya kifo. Ukiona mtu kaja na hakusalimu, mama anatafuta khanga ya kujifunga kiunoni kabla hata hajauliza ni nani.

Sisi vijana tukaizoea taa. Tuna aibu ndogo. Wilhelmina ikamshinda. Anaanza vizuri, "Mzee fulani, Zizi," halafu upande wa pili sauti inasema "Mwangaluka mwanangu," na yeye kinywa kinajibu chenyewe. Nyekundu. Kesho nyekundu. Jina lake likaishi pale ukutani kama picha ya mgombea. Akapewa onyo, likafuata la pili. Na huyu ni mama wa watoto watatu ambaye mume wake alikwenda Geita kuchimba dhahabu akasahau njia ya kurudi. Kazi hiyo ndiyo mume, ndiyo shamba, ndiyo kila kitu.

"Nyekundu moja tena, dada Wilhelmina," Precious alimwambia mbele yetu, kwa upole kabisa, "na mimi sitakuwa na la kukusaidia. Unaondoka."

Simu iliyofuata ilikuwa ya Mzee Ngosha.

Precious alisimama nyuma ya kiti chake, kavaa hedifoni ya kusikilizia. Mimi nakaa meza ya pili, na hedifoni zetu zinavujisha sauti, nilisikia yote. Wilhelmina alikuwa anashika ukingo wa meza kama mtu aliyeko kwenye mtumbwi.

"Mzee Ngosha. Zizi. Ng'ombe wako watachanjwa Alhamisi. Utakuwepo, ndiyo au hapana?"

Halafu sauti ya mzee, ndogo: "Wilhelmina?"

"Ndiyo au hapana, mzee."

"Wilhelmina, mwanangu. Kuna nini huko?"

"Tafadhali, mzee. Ndiyo au hapana."

"... Ndiyo," mzee akasema, kama mtu anayeitikia mbele ya kaburi.

"Asante."

Kijani! Precious akampiga Wilhelmina begani. "Umeona? Haiumi." Wilhelmina akavua hedifoni, akaenda msalani, akarudi kaosha uso.

Kesho yake ilikuwa siku ya wawekezaji. Tumevaa fulana zetu, sakafu inateleza kwa usafi, bosi kavaa koti juani. Asubuhi mlinzi wa chini akanipigia.

"Luhende, kuna wageni wenu hapa. Wazee kwa akina mama, wamejaa kigari kizima cha kirikuu."

"Waambie leo tuna ugeni mwingine."

"Wana mbuzi."

"Mbuzi wa nini?"

"Sijamuuliza. Njoo umuulize wewe mwenye elimu."

Kabla sijafika kwenye lifti, mlango ukafunguka wenyewe. Mzee Ngosha, koti jeusi, kofia mkononi. Mkewe, Mama Shimba, miguu yake mibovu ambayo Wilhelmina huiulizia kila akipiga simu, khanga kiunoni. Wazee wengine wawili na kina mama watano, mmoja na mkeka kichwani, mwingine na mfuko wa mchele. Na katikati yao mbuzi, anatazama vioo vya lifti kwa dharau.

"Shikamoo mzee," nikasema. Kisha mdomo wangu usio na breki ukaongeza, "Huyu naye kaja kuomba kazi?"

Mzee Ngosha hakuitikia hata marahaba. "Mwenye msiba yuko wapi?"

"Msiba gani, mzee?"

"Usinifiche, kijana. Jana Wilhelmina kanipigia bila hata mwangaluka. Hakuuliza miguu ya mama yako huyu. Tangu nimemjua hajawahi. Nikamwambia mke wangu, binti kafiwa, tena kafiwa vibaya, maana hata kusema hawezi. Na hawa wamemweka kazini! Mtu kafiwa, wanamweka kazini apige simu za ng'ombe!"

Kabla sijapata neno, kina mama walishatandika mkeka kati ya mashine ya kahawa na meza za wahandisi wa programu, na Mama Shimba alishafungua mdomo. Kama hujawahi kusikia kilio cha Kisukuma ndani ya ofisi yenye vioo, sina namna ya kukusimulia. Wahandisi walivua hedifoni zao. Mmoja alisimama akavua na kofia.

Wilhelmina akatoka mbio. "Mzee! Mama! Sijafiwa! Wote wazima!"

"Sasa jana?" Mama Shimba akauliza.

Wilhelmina alijaribu kueleza. Akasema taa, akasema kijani, akasema utaratibu mpya. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa upuuzi, mpaka akaacha katikati, akaangua kilio yeye mwenyewe. Mama Shimba akamkumbatia. Kina mama wakaona sasa mambo yamekaa sawa, wakaendelea kulia.

"Mlinzi!" Precious akaita. "Nani kawaruhusu hawa?"

Mlango wa chumba cha mikutano ukafunguka. Bosi katoka na wageni wake, wanne, wamenyooshwa kwa pasi. Mzee Ngosha alipomwona uso ukamng'aa. Akasimama, kofia kifuani.

"Alexander! Mwangaluka!"

Nimesema bosi alilala kwa huyu mzee. Kala kwake, kaogea maji ya kisima chake, siku ya malaria kafunikwa blanketi la mzee mwenyewe. Alimtazama kama mtu anayesoma tangazo la zamani. Akainua mkono kidogo, akawageukia wageni, akasema kwa Kiingereza kwamba hawa ni wateja wetu, kwamba huku uhusiano wetu na jamii ni wa damu. Wageni wakafurahi! Wakatoa simu, wakapiga picha. Mmoja alipiga goti ampate mbuzi vizuri. Kisha wote wakarudi ndani, mlango ukafungwa, na ile mwangaluka ya mzee ikabaki hewani haina pa kutua. Akavaa kofia polepole. Mimi niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima wa Alexander.

Nusu ya asubuhi haikupita, Wilhelmina akaitwa. Vyumba vyetu ni vya vioo, wanasema ni uwazi, kwa hiyo tuliona kila kitu bila kusikia. Precious anaongea, mikono imekunjwa vizuri mezani. Wilhelmina anatikisa kichwa. Precious anasogeza karatasi. Wilhelmina anaivua kamba ya kitambulisho shingoni.

Alipotoka nikasimama mlangoni. Sikupanga. Miguu ilikwenda yenyewe.

"Dada Precious, kosa lake nini?"

"Kavuruga siku ya wageni. Kaleta watu na mifugo ofisini."

"Hakuwaleta. Kapiga simu ulivyomwandikia wewe, neno kwa neno. Ulikuwa nyuma ya kiti chake! Kijani ilipowaka ulimpiga bega!"

"Luhende, haya ni maamuzi ya juu."

"Juu wapi, dada? Sisi ndio ghorofa ya mwisho. Juu yetu kuna matenki ya maji."

"Rudi kwenye meza yako."

"Alipokuwa anasalimia mlimpa onyo. Alipoacha kusalimia mmemfukuza. Mlitaka afanye nini, akohoe?"

Alitazama chini, na nadhani hata yeye alisikia. Lakini alifunga mlango.

Nikageuka, na hapo ndipo damu iliponichemka kweli. Kwenye luninga ya ukutani walikuwa wameshaweka picha. Wilhelmina kifuani mwa Mama Shimba, machozi mashavuni, mbuzi pembeni, na maandishi: WATEJA WETU, FAMILIA YETU. Wilhelmina mwenyewe alikuwa amesimama chini yake, hana tena kitambulisho cha kufungulia mlango wa kutokea.

Mzee Ngosha akanivuta mkono. "Kijana, wamemfanya nini?"

"Wamemwachisha kazi, mzee."

"Leo?"

"Sasa hivi."

Akamgeukia mkewe. "Basi hatukukosea nyumba. Tumewahi tu. Kaa vizuri, Mama Shimba, tulikuwa tumekaa kama wapita njia."

Wakampa Wilhelmina nafasi katikati ya mkeka. Naye alikaa. Hakulia tena, alivua viatu vya ofisi, akanyoosha miguu, akaanza kumuuliza Mama Shimba habari za miguu yake, na Mama Shimba akajibu kirefu, mguu mmoja baada ya mwingine.

Mzee akatoa simu yake mfukoni, imefungwa kwa raba. "Hii Zizi yenu. Niondolee."

"Mzee, kumbukumbu zote za ng'ombe zitafutika."

"Ng'ombe wangu nawajua kwa sura. Ondoa."

"Luhende," Wilhelmina akasema kutoka kwenye mkeka, "usijiingize. Na wewe una mama."

"Mama yangu akisikia nimekaa kimya, dada, nitafukuzwa kote kuwili."

Nikaivuta simu ya mzee, nikakaa pale pale chini, nikatoa jina lake, na madume yake, na yale majike aliyoyapiga picha moja moja kwa mikono yake. Wale wazee wawili walishatoa simu zao. Mama mmoja akasema hata shemeji yake wa Kisesa anayo, ampigie? Nikasema mpigie. Najua hesabu ya ukubwa wetu; tuna wateja wengi kama dagaa, hawa ni kijiko kimoja. Sikufanya ili kampuni ianguke.

Kivuli kikanisimamia. Viatu vya Precious.

"Luhende, unafanya nini hapo chini?"

"Nahudumia wateja, dada."

"Simama."

"Nikimaliza. Kuna foleni." Nikamgeukia mzee aliyefuata, nikaishika simu yake kwa mikono miwili. "Mwangaluka, baba. Mhola? Nyumbani hawajambo? Mvua imefika kwenu?"

Akaanza kunieleza mvua ya kwao, tangu mwanzo wa masika.