Nyoka wa Bahari na Kigogo cha Kwanza

Kwa miaka kumi na mmoja Kisilu alikalia kigogo cha kwanza katika kibanda cha wachongaji pale Kiboko, na hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Kigogo chenyewe kilikuwa kipande cha mti tu, kimesuguliwa na suruali mpaka kikang'aa. Lakini kilikuwa kando ya barabara ya Mombasa. Mgeni akishuka garini, mtu wa kwanza kukutana naye ni wewe.

Sheria ya kibanda ilikuwa moja. Kigogo cha kwanza ni cha yule ambaye kazi yake inasimamisha magari. Kisilu mwenyewe alikipata hivyo. Mwaka wa 1988 wageni walianza kuulizia twiga wake, na asubuhi moja mzee Kiema, aliyekikalia wakati huo, akachukua tezo lake la kuchongea na msasa wake akahamia nyuma bila kuambiwa na mtu. Kisilu hakusema asante wala pole. Alikaa.

Kwenye kigogo cha pili, uso kwa uso na Kisilu, alikaa Muli, mwanamume wa miaka thelathini na kitu kutoka Kabati. Alipofika pale hakujua hata kushika tezo. Miaka miwili mizima alipiga msasa vijiko vya watu wengine. Kisilu alimfundisha, lakini kwa maneno machache na matusi mengi, na alipoona mkono wa Muli umeanza kuelewa mti, akaacha kumfundisha.

Siku moja mwezi wa nane, Mama Irungu aliingia na kadi mkononi. Jina lake hasa lilikuwa Waruguru, mama kutoka Murang'a aliyekuwa na duka la vinyago hapo mbele, na vitu vingi vya kibanda vilipitia kwake.

"Nyinyi, acheni twiga kidogo," alisema. "Kuna mgeni amepita na binti yake wanaenda Mombasa. Mtoto ana mchezo wa kukusanya majitu, sijui unachezwa vipi. Anataka huyu achongwe kwa mti. Wanarudi baada ya Jumamosi mbili."

Kadi ilipita mkono kwa mkono. Ilikuwa na picha ya nyoka wa bahari, wa buluu, mnene kama shina la mbuyu, ametoka majini nusu. Mdomo wazi, masharubu kama ya kambare, mapezi kichwani kama taji. Na uso! Jonah, mchongaji wa sahani, aliirudisha haraka.

"Asi! Huyu ni yule joka wa mahubiri. Mimi ni mzee wa kanisa, msinitie mashakani."

"Ni mchezo wa watoto, wewe," Mama Irungu alimwambia. "Na angalia hapo kwa kona. Unaona huyo samaki mwekundu? Mtoto alisema jitu linaanza hivyo. Samaki mjinga, hana nguvu, kazi yake ni kurukaruka tu, kila mtu anamcheka. Ukimvumilia ukamlea, siku moja anageuka anakuwa huyo."

Kisilu alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo samaki ni Muli! Miaka miwili akirukaruka na vijiko."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Muli naye alicheka kidogo, akaitazama ile kadi kwa muda mrefu, akamrudishia mama.

"Nitajaribu," alisema.

"Utajaribu nini?" Kisilu aliuliza. "Umeona bahari wewe?"

"Sijaona."

"Mimi nimeona. Nilipeleka mzigo Mombasa mara moja."

"Chongeni nyote wawili," Mama Irungu alisema akienda zake. "Mtoto atachagua mwenyewe."

Hapo kicheko cha Kisilu kilikatika. Kila mtu pale kibandani alielewa kwamba mama alikuwa ameweka kigogo cha kwanza mashindanoni, hata kama yeye mwenyewe hakujua.

Kisilu alichonga kama mtu anayejua kazi. Alichagua mti wa muhugu, mkavu usio na fundo, na kwa siku sita nyoka wake alikuwa amejikunja mikunjo mitano, kila gamba mahali pake. Alimpaka rangi ya viatu akamsugua kwa kitambaa mpaka ukajiona ndani yake. Jonah alisema hajawahi kuona mti laini hivyo. Kisilu alijua ni kweli. Hata hivyo usingizi wake haukuwa mzuri.

Kilichomsumbua ni Muli. Muli alichonga polepole, kipande kimelala mapajani, mgongo wa nyoka ukiangalia nje na uso ukimwangalia yeye peke yake. Alichukua muhugu mbichi kwa kuwa mkavu ulikuwa umeisha, na kila jioni alifunika kazi yake kwa gunia lililoloweshwa maji ili mti ukauke taratibu usipasuke. Na mara kwa mara aliinua macho akamtazama Kisilu. Anapiga tezo mara tatu, anaangalia. Mara mbili, anaangalia.

"Unaniangalia nini?"

"Najifunza, mzee."

"Jifunze kwa picha. Mimi si picha."

Muli akainama. Baada ya muda akaangalia tena. Kisilu alihisi kama mtu anamwibia kitu mfukoni, na hajui ni kitu gani. Akakunja uso. Kadiri alivyokunja uso ndivyo Muli alivyozidi kuangalia.

Siku ya Alhamisi Mama Irungu alipita kwenye kibanda, akachungulia mapajani mwa Muli, akashika kifua. "Ngai!" Alimtaja Mungu kwa lugha ya kwao, basi. Kwa Kisilu alisema, "Yako ni safi sana, mzee." Safi! Kisilu alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

Jumapili, watu walipokuwa bado kanisani, Kisilu alitoka kwenye maombi ya mwisho, akaenda kibandani peke yake. Jua lilikuwa la saa saba. Aliinua gunia.

Nyoka yule alikuwa na mapungufu mengi. Magamba hayakulingana, pezi moja lilikuwa nene. Lakini uso ulikuwa na chuki ya kweli. Nyusi zilikuwa zimeshuka, kona moja ya mdomo imevutwa juu kuliko nyingine, na katikati ya paji la uso palikuwa na mkunjo mmoja mrefu. Kisilu alikuwa amechonga wanyama zaidi ya miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama hivyo. Alijua pale pale kwamba ameshindwa, tena na mtu wa vijiko.

Alimbeba nyoka akamlaza juu ya mabati yaliyokuwa nje, yanachoma kama kikaango. Gunia akalikunja mara nne, akaliweka juu ya kigogo cha Muli. Akaenda kukaa kivulini. Muda si mrefu alisikia mti ukilia, ta! Akamrudisha nyoka mahali pake kibandani, akaenda nyumbani kula.

Jumatatu ufa ulikuwa umetoka kisogoni, ukapita kando ya jicho mpaka kwenye taya. Wachongaji walikuja kuuangalia.

"Ni mbuzi," Kisilu alisema. "Wanapenda kuvuta magunia."

Muli alilitazama gunia lake pale lilipokuwa. Kisha akambeba nyoka, akaja na vyote viwili, gunia na nyoka, akavilaza miguuni pa Kisilu.

"Mzee, hapa hakuna anayejua kuziba ufa kama wewe. Nisaidie."

"Huo mti umekufa."

"Wewe ulishawahi kuziba mbaya kuliko huo," Jonah alisema. "Yule tembo wa mwaka juzi, umesahau?"

Macho yote yalikuwa kwake. Kukataa kulikuwa sawa na kukiri. Basi Kisilu akachukua unga wa muhugu, akauchanganya na gundi, akaanza kuushindilia kwenye ufa kwa ncha ya kijiti. Mkono wake haukujua kufanya kazi mbaya. Alijaza, akasubiri, akapiga msasa, akajaza tena. Siku ya pili alikuwa akipitisha kidole kando ya jicho, juu ya nyusi, kwenye ule mkunjo wa paji, pale Jonah alipoanza kucheka.

"Kisilu, unajipaka mafuta usoni?"

"Unasema nini?"

"Mtazame vizuri. Huyo si ni wewe?"

Wengine walikuja kuangalia. Mmoja akapiga goti lake kwa kicheko. Kisilu aligusa paji lake la uso. Mkunjo ulikuwepo, mahali pale pale. Alimgeukia Muli.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Mzee, mimi sijaona bahari," Muli alisema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia. "Wala sijaona nyoka akinichukia. Nilihitaji chuki ya kuchonga, na wewe uko mbele yangu kila siku."

Kisilu akashusha mkono kutoka kwenye paji.

"Na mbuzi," Muli aliongeza, "hakunji gunia mara nne."

Alirudi kwenye kigogo chake. Hakumwambia mtu mwingine, wala siku ile wala baadaye. Hilo nalo lilimuuma Kisilu. Angetukanwa, angejua la kujibu.

Jumamosi mgeni alirudi na binti yake, msichana wa miaka tisa hivi, mwenye kofia. Mama Irungu aliwaweka nyoka wawili mezani. Yule wa Kisilu mtoto alimpapasa mgongoni, kama mtu anavyopapasa paka. Halafu akamwona wa pili, akarudi nyuma hatua moja, akashika mkono wa baba yake. Kisha akamnyooshea kidole. Huyo.

Ufa haukuonekana hata kidogo. Kisilu aliuangalia kwa macho yake mwenyewe na hakuuona.

Hakungoja kuambiwa. Alichukua tezo lake, msasa na mkebe wa rangi ya viatu, akavuka kwenda kigogo cha pili. Muli alisimama katikati ya kibanda asijue aende wapi, mpaka Jonah akamsukuma begani. "Kaa, wewe. Gari linasimama." Akakaa.

Lakini mtoto alikuwa ameacha kumtazama nyoka. Alimtazama Kisilu, kisha nyoka, kisha Kisilu, akamnong'oneza baba yake. Baba akatoa kamera, akazungumza na Mama Irungu.

"Anaomba usimame na huyu nyoka anayefanana na wewe," mama alisema, akibana kicheko. "Mpigwe picha pamoja."

Kisilu alisimama, mkono mmoja juu ya taji la nyoka. Kwa heshima ya mgeni, akatabasamu. Mtoto akatikisa kichwa. Akakunja nyusi zake ndogo, akaonyesha: hivi.

"Anataka ukasirike kidogo," mama alisema. "Jilazimishe tu."

Haikuwa lazima ajilazimishe. Alimtazama Muli, amekaa kwenye kigogo cha kwanza na mgongo umenyooka, nyuma yake barabara ya Mombasa yote. Kamera ikalia, na mtoto akapiga makofi.