Jedwali la Waliohama

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, Simioni mlinzi alikuwa ameshafagia veranda ya ofisi ya Nyamisangura, amemwagia maji ili vumbi lisipande, na amepiga mistari ya daftari la wageni kwa rula. Safu zilikuwa nne: jina, unakotoka, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mgeni wa kwanza alikuwa mwanamke wa makamo aliyebeba karai tupu. Aliandika Ghati Mogesi, kwa hati nzuri iliyonyooka. Kwenye safu ya pili aliandika: Utafiti wa pili, jedwali la tatu.

Simioni alisoma, akamwonyesha benchi. Mwaka juzi alikuwa amehudhuria mazishi ya mama huyu kule Kerende na hata kushika koleo, lakini daftari halikuwa na safu ya jambo hilo.

Ndani, Abonyo Oduol alikuwa anasoma karatasi ya huo huo utafiti wa pili. Kazi ya ofisi ile ilikuwa kukusanya tafiti zote zilizowahi kufanywa juu ya dawa moja, kuzipima moja moja, kisha kutamka kama dawa inafaa au haifai. Safari hii dawa ilikuwa kidonge cha kutoa zebaki mwilini. Ulikuwa mwaka wa nne wa rashi ya dhahabu, mbio za watu kufuata machimbo mapya. Wanawake wa Kerende walikuwa wanaosha mchanga mialoni, kwenye madimbwi ya kuoshea, wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma motoni kwenye kifuniko cha sufuria na kuuvuta moshi wake. Baada ya muda mikono inaanza kutetemeka.

Kila utafiti ulisomwa na watu wawili, kila mmoja chumbani kwake, bila kuulizana chochote, ili mmoja asimvute mwenzake. Chumba cha kwanza alikaa Stanslaus, kijana msafi mwenye shahada. Cha pili alikaa Abonyo, muuguzi mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Wakipishana, neno la mwisho lilikuwa la Daktari Otiende, aliyekaa Mwanza. Abonyo alikuwa ameona dawa nyingi mno zikisifiwa na watu wasiozimeza. Hakumwamini mtu. Aliamini utaratibu.

Jambo moja lilimkera. Katika tafiti zote tano kulikuwa na watu walioanza kumeza dawa na hawakuonekana mwisho, na kila mahali sababu ilikuwa moja: wamehama. Maelezo hayo yaliingia akilini. Rashi ndiyo ilivyo, leo watu wako Kerende, kesho wanasikia dhahabu imetoka upande wa Serengeti, wanakunja maturubai. Lakini waliohama wote walikuwa wamepewa kidonge chenyewe. Katika wale waliopewa kidonge cha unga mtupu ili walinganishwe, hakuhama hata mmoja. Abonyo alipiga mstari chini ya sentensi hiyo, akarudia kuupiga.

Alikuwa na sababu yake ya kusoma kwa makini. Akinyi, mtoto wa dada yake, alikuwa amechoma zebaki Kerende miaka mitatu. Mwezi uliopita alishindwa kutia sahihi kadi ya zahanati, akaweka dole gumba. Zahanati ilimwambia asubiri neno la Nyamisangura. Kwa hiyo neno ambalo Abonyo angeliandika lingefika kinywani mwa Akinyi, likiwa kidonge au likiwa katazo.

Ghati Mogesi aliingia, akaweka karai chini.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Karibu."

"Mimi ni namba kumi na saba. Nimekuja kumalizia mahojiano."

Abonyo alitafuta namba kumi na saba. "Hapa wameandika umehama."

"Sikuhama. Nilimeza siku kumi na moja. Mkojo ukakata, nikavimba, nikafa Alhamisi."

"Nani aliwaambia umehama?"

"Mume wangu." Ghati alitabasamu kidogo, kama mtu anayemsamehe mwenziwe mara ya mia. "Walikuja vijana na orodha ya majina, akadhani ni wale wa tathmini ya fidia. Mimi nilikuwa na nyumba ya tegesha, ile ya mabati tuliyoipiga haraka shambani ili tathmini ikija iikute. Iko kwa jina langu. Ukisema mwenyewe amekufa, wanakata jina. Akasema nimeenda Issenye kufuata dhahabu."

"Na kaburi?"

"Aliwakalisha kwa mbele. Kaburi liko nyuma ya nyumba."

Abonyo aliandika yote. Ghati alipoinuka, kitini kulibaki matone ya zebaki, yakadondoka sakafuni na kukimbilia kona. Simioni aliyazoa kwa kipande cha boksi, akayatia kwenye chupa ya soda, akaifunga.

Hadi Ijumaa walikuwa wamefika thelathini na wanane. Tomaso, ambaye baba yake alisema yuko Migori kwa wajomba, alifika na suruali aliyozikwa nayo na kuomba radhi kwa mikunjo. Wote walikuwa na hati iliyonyooka. Wengine waliingia kwa Abonyo, wengine kwa Stanslaus, na kupitia ukutani Abonyo alimsikia akiwaambia karibuni, kaeni. Hakumwuliza kitu, kwa sababu utaratibu ulikataza. Safu ya saa ya kutoka ilibaki tupu, kwani hakuna aliyetoka. Walijaa veranda nzima, na Simioni alilalamika kwamba daftari lake linaonekana la mtu mzembe.

Ijumaa jioni fomu zilifunguliwa. Ya Abonyo ilisema: waliokufa thelathini na wanane, dawa haifai, isitolewe. Ya Stanslaus ilisema: waliopotea ni wachache, sababu imeelezwa, dawa inafaa.

"Kwani hukuwaona?" Abonyo aliuliza.

"Niliwaona. Nimewapa na chai."

"Sasa?"

"Dada, hawamo kwenye karatasi. Sisi tumeajiriwa kupitia karatasi."

Abonyo alimchunguza usoni kama kuna mtu amemnong'oneza. Hakuona dalili, na hilo lilimtia hofu zaidi.

Daktari Otiende alifika Jumatatu. Alikuwa mtu wa adabu. Alipita benchi zote akisalimia kwa mkono, wakubwa kwanza, kisha akauliza kama kuna yeyote mwenye cheti cha kifo. Hakuwepo. Kerende mtu huzikwa nyumbani kwake, na hakuna anayepanda gari kwenda wilayani kufuata karatasi ya mtu ambaye kijiji kizima kilimwona akifukiwa. Daktari alisikitika, na masikitiko yake yalionekana ya kweli. Alisema ushahidi wa mdomo haukubaliki, hata ukitolewa na mhusika mwenyewe.

"Utafiti wa nne una jina la Otiende mwishoni," Abonyo alisema. "Ni ndugu yako?"

"Akina Otiende tuko wengi," alijibu Daktari, akasogeza ripoti mbele yake. Bila sahihi za wasomaji wote wawili haingeweza kutoka. Wasiwasi wa Sista Abonyo ungewekwa kwenye kiambatisho, neno kwa neno.

Abonyo alitia sahihi. Alijiambia kwamba wawili kwa mmoja ndio utaratibu, na kwamba kiambatisho kitasomwa. Hapo alikosea, na alijua anakosea kalamu ikiwa bado mkononi. Watu wa kwenye benchi walimwona.

Mwongozo wa kugawa dawa ulitoka haraka kuliko miongozo itokavyo. Kiambatisho kilibaki Mwanza. Abonyo aliposikia kwamba vidonge vimeanza kugawiwa, alikodi bodaboda hadi Kerende. Alimkuta Akinyi amekaa nje kwa mama yake, akimenya viazi kwa shida, kisu kikimchezea mkononi.

"Umeanza kumeza?"

"Leo siku ya nne, mama mdogo."

"Acha. Hiyo dawa inaua watu."

Akinyi aliweka kisu chini. "Kule mwaloni wameninyang'anya karai. Wanasema namwaga dhahabu yao. Sasa niache dawa nikae hivi?"

"Nimewaona waliokufa, Akinyi. Nimeongea nao."

"Nakuamini. Ghati alikuwa rafiki yangu." Alimtazama mama yake mdogo kwa jicho la mtu anayehesabiwa. "Lakini pale zahanati wamebandika karatasi. Imeandikwa dawa imepitiwa na wataalamu, inafaa. Na chini kuna jina lako. Wenzangu walikuwa wanaogopa, mimi ndiye niliwaambia, huyu ni mama yangu mdogo, hawezi kuandika uongo. Sasa wewe ni yupi, wa pale au wa hapa?"

Aibu ilimshika Abonyo mpaka masikio yakamwaka. Alikwenda zahanati akaibandua karatasi, na mhudumu akabandika nyingine, kwa kuwa alikuwa nazo boksi zima.

Wiki mbili baadaye Akinyi alizikwa nyuma ya nyumba ya mama yake. Vijana wenye orodha walipokuja kumfuatilia, dada yake Abonyo aliwakalisha kwa mbele na kuwaambia Akinyi amehamia Serengeti. Nao walikuwa wamepiga nyumba ya mabati shambani, kwa jina la Akinyi.

"Na wewe usiniharibie," alimwambia Abonyo. "Umeshaharibu cha kutosha."

Ofisi ya Nyamisangura iliendelea. Mapitio ya dawa hurudiwa kila mwaka, na mwaka uliofuata uliletwa utafiti wa sita, wa waliogawiwa vidonge zahanati. Chupa ya Simioni ilikuwa imejaa, na mtu wa mialoni alikuja kuichukua ili isikae bure. Simioni alimpigia mstari mpya daftarini, naye akajaza saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Aliyefuata alikuwa Akinyi. Aliandika jina lake lote, na utafiti wa sita, jedwali la tatu, kwa hati iliyonyooka. Alianzia chumba cha Stanslaus, akapewa chai. Kisha akaingia cha pili na kikombe chake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Fomu ilikuwa mpya na fupi kuliko ya zamani. Ilikuwa na swali moja: je, mikono ya mgonjwa bado inatetemeka? Akinyi aliinyoosha yote miwili juu ya meza, viganja chini, ili mama yake mdogo aone vizuri. Ilikuwa imetulia kabisa.

Upande wa pili wa ukuta Stanslaus alikuwa ameshagonga muhuri. Abonyo aliitazama mikono ile mpaka chai ya Akinyi ikapoa. Kisha akaandika hapana, kwa sababu ilikuwa kweli, na fomu haikuwa na nafasi ya neno la pili.