Gunia Lililotoka Narok

Tangu aliposhuka Malindi kutafuta kazi, Abigael alikuwa akioka mikate kwa Bi Mahfudha, mtaani Shella. Mwaka huo baba yake, Mzee Nahashon, alimtumia gunia la ngano ya shamba lao la Narok.

"Mwonyeshe tajiri wako," alimwambia kwa simu. "Akiipenda, nitamletea yote."

Bi Mahfudha hakuwa mtu wa kukataa kitu kabla ya kukijaribu. Alitandaza ngano kwenye masinia mawili: moja ile aliyoizoea, iletwayo kwa meli kutoka ng'ambo, na moja ya Mzee Nahashon. Ya ng'ambo ilikuwa ngumu, nzito, punje zimejaa. Ya Narok ilikuwa imesinyaa, na punje nyingi zilikuwa zimetoa kijimche cheupe nchani.

"Hii imenyeshewa ingali shambani, mwanangu," alisema polepole. "Imeanza kuota."

"Tuijaribu tu, Bi," Abigael alisihi.

Wakasaga zote mbili, wakakanda, wakaacha ziumuke. Donge la ngano ya ng'ambo lilivutika kama mpira. La pili liliwaganda vidoleni, likakatika. Tanurini, mkate wa kwanza ulifura vizuri. Wa pili ulibonyea katikati.

Abigael alitoka uani na simu. Ulimi ulimwasha kusema uongo, lakini alijua mzee angepakia lori zima.

"Baba, haikufaa."

Ng'ombe alisikika akilia huko kwao.

"Nilijua," mzee alisema hatimaye. "Wasagaji wa huku wameikataa wote. Ulikuwa umebaki wewe."

"Sasa utafanyaje?"

"Kuku wataila. Shamba nimepata mtu wa kulikodi. Nimechoka, Abigael. Mama yako angekuwa hai, labda ningepanda tena."

"Nije nyumbani?"

"Uje ufanye nini?" Hakuuliza kwa hasira. Kisha akamuaga.

Bi Mahfudha alimkuta ameketi juu ya ndoo, leso usoni. Alimshika bega kitambo, kisha akarudi ndani maana wateja wa alasiri walikwisha anza kupiga hodi.

Abigael alinawa uso. Akauchukua ule mkate uliobonyea, akaula pale pale mezani, kipande baada ya kipande. Ulikuwa mtamu ajabu, ila uliganda menoni, na kuumeza ilikuwa kazi.